Daftari la Mlimani na Daftari la Same

Leo hebu tuongee habari za madaftari. Najua wengine mtasema huyu naye kaishiwa, wenzake wanaandika siasa na muziki, yeye anatuletea madaftari. Nivumilieni. Ukilitazama jambo hili kwa karibu utaona kuna siasa nyingi humo ndani kuliko kwenye mikutano ya hadhara.

Swali lenyewe ni hili. Watu wako mbali, na wana kumbukumbu zao. Ofisi kuu nayo ina kumbukumbu zinazohusu watu walewale. Unafanyaje ili pande hizi mbili ziseme kitu kimoja? Wataalamu wa kompyuta wanaliita suala la kuoanisha kanzidata na wameliandikia vitabu vinene. Lakini suala hili ni kongwe kuliko kompyuta, na ukitaka kuliona vizuri sikushauri uende California. Nenda Same.

Wengi wetu Same tunaifahamu kupitia dirisha la basi. Unatoka Arusha au Moshi kwenda Dar, basi linasimama kidogo, unanunua maji, jua kali, vumbi, safari inaendelea. Lakini ukiinua macho upande wa milima, huko juu ndiko waliko watu: Chome, Suji, Vudee, Mbaga, Mamba, Gonja. Kilele cha Shengena kinafika mita 2,462. Chini kukame, juu kuna mvua, migomba, maharage na tangawizi. Watu wako juu, ofisi iko chini. Reli ya Wajerumani ikitokea Tanga ilipita miguuni mwa milima hii na kufika Moshi mwaka 1911, na serikali yoyote hupenda kukaa palipo na reli. Tangu hapo, kila kinachoandikwa mlimani kinatakiwa kiteremke.

Kabla sijaenda mbali tutofautishe mambo mawili. Kutuma ni jambo moja, kuoanisha ni jingine. Ukiniandikia barua nikaisoma, umetuma. Lakini tuseme mimi nina daftari la madeni na wewe una lako. Langu linasema unadaiwa shilingi elfu tano, lako linasema elfu mbili. Barua peke yake haimalizi kitu hapo. Lazima tukubaliane ni daftari la nani litakalofutwa na kuandikwa upya. Hapo ndipo kazi ilipo. Nyaya, satelaiti na modemu ni usafiri tu.

Wapare waliligusa jambo hili miaka ya 1940.

Wakati huo Upare yote, kaskazini na kusini, ilikuwa wilaya moja na makao yake yakiwa Same. (Mwanga ilikuja kuwa wilaya ya peke yake miaka mingi baada ya uhuru.) Kodi yenyewe haikuwa ngeni. Wajerumani walitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakaja na sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Utaona kodi hizi zote mbili zilimpendeza karani. Nyumba haitembei. Kichwa kinatembea, lakini kinahesabika. Daftari linahitaji jina na alama tu: kalipa, hajalipa. Kiasi ni kimoja kwa wote, hata mtoto anakijua. Kwa hiyo daftari la Same na kumbukumbu ya mzee wa Suji zinaweza kusema kitu kimoja mwaka mzima bila mtu kupanda wala kushuka mlima.

Halafu ikaja mbiru. Baraza la machifu wa Upare, chini ya uangalizi wa serikali ya kikoloni, likaongeza kodi nyingine juu ya ile ya kichwa. Jina lake lilichukuliwa kwenye ushuru wa kale ambao Wapare waliwatolea watawala wao zamani. Jina lilikuwa la nyumbani lakini kitu chenyewe kilikuwa kigeni: kila mtu akadiriwe mali yake, kisha atozwe kulingana na utajiri wake.

Kwa nadharia hii ni haki tupu. Sisi wasomi wa mjini tungepiga makofi: mwenye nacho alipe zaidi, asiye nacho apunguziwe, kuna ubaya gani?

Sasa acha nadharia, vaa viatu vya mtunza daftari. Mali inabadilika. Mbuzi anazaa, ng'ombe anakufa, kahawa inashuka bei. Binti anaolewa, mahari inaingia. Kijana anaoa, mahari inatoka. Na mbuzi anayelala kwangu si lazima awe wangu, huenda ni wa shemeji. Ili daftari la Same lisigeuke kuwa la uongo ingebidi mtu apande mlima kila wiki, boma kwa boma, akaandike upya. Nani angefanya hivyo? Badala yake kukawa na makadirio. Watu wanakaa, wanakuangalia, wanasema wewe ni wa kiasi fulani, na hilo ndilo linaloandikwa. Ukiuliza ni kwa kipimo gani hupati jibu la kueleweka. Malalamiko ya Wapare yalikuwa hapo hasa. Vipimo havikueleweka, na palikuwa hapana njia nzuri ya mtu kusema, "Jamani, hapo kwangu mmekosea."

Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mtoto wa Upare, aliandika kitabu kizima juu ya mgogoro huu, kikachapishwa mwaka 1971. Kinachonivutia mimi katika historia hii ni utaratibu wa watu wale. Hawakusema hatulipi kodi. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kichwa, hata kama itaongezwa kwa wote. Walichokataa ni kukadiriwa. Yaani walitaka kodi ambayo mtu anaweza kuihakiki mwenyewe akiwa nyumbani kwake, bila kumtegemea anayeshika kalamu.

Mwanzoni mwa 1945 wakateremka. Maelfu ya wanaume kutoka pande mbalimbali za wilaya walitembea kwa miguu hadi Same na kukusanyika makao makuu ya wilaya. Hawakuwa watu wa kuja asubuhi na kuondoka jioni. Walikaa. Kati ya majina ya viongozi yanayokumbukwa ni la Paulo Mashambo. Hebu lifikirie jambo hilo: kwa miaka yote serikali ilikuwa ikileta daftari kwa watu, safari hii watu wamelifuata daftari mezani lilipo.

Halafu wakaja wanawake. Mtafiti Jean O'Barr, aliyeandika juu ya wanawake wa Upare katika miaka ya 1970, anaeleza jinsi wanawake wa Usangi walivyoingia katika mgogoro huu. Waume zao walikuwa hawapo nyumbani, mashamba yanawasubiri. Basi wanawake wakamweka mkubwa wa wilaya kwenye kona: ama amalize suala la kodi ili wanaume warudi, ama awape mimba wao wote. Nimelisoma hilo mara nyingi na kila mara nacheka, lakini wale mama hawakuwa wanatania. Ilikuwa hoja kamili ya kisheria: ukishikilia kitu cha nyumba yangu, beba na majukumu yake.

Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imekwisha. Badala yake kodi ya kichwa ikaongezwa, kama watu wenyewe walivyokuwa tayari tangu mwanzo. Wanahistoria wanauweka mgogoro huu katika safari ya kuelekea uhuru, na wako sahihi. Mimi naongeza tu kwamba ulikuwa pia mgogoro wa nakala mbili zilizopishana, na ofisi iliyodhani kwamba nakala yake ikitofautiana na ya mlimani, basi ya mlimani ndiyo yenye makosa.

Turuke miaka. Uhuru ukaja, na kompyuta ya kwanza nchini ikafungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, 1974, serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya jaribio la kuziendeshea hesabu za serikali kuleta hasara na vurugu. Vijana wengi wakisikia hili wanacheka, eti Tanzania ilipiga marufuku kompyuta! Mimi sicheki sana. Mashine ilikuwa Dar es Salaam, karatasi zilitoka mikoani. Karatasi ikiwa imechelewa au imeandikwa vibaya, mashine inachofanya ni kuyakamilisha makosa hayo kwa kasi. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye, lakini funzo lile sidhani kama lilibaki kichwani mwa watu.

Sasa tuingie kwenye mfano ambao wengi wenu mmekutana nao bila kujua, maana kama ulizaliwa au ulichanjwa katika zahanati yoyote nchini tangu miaka ya 1990, umo ndani yake. Naongelea MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya.

MTUHA ulienezwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kwa mtu wa kawaida ni madaftari. Makubwa, mapana, yenye safu nyingi mpaka macho yanauma. Kila daftari lina namba yake na wauguzi wanayaita kwa namba, utafikiri ni wachezaji wa mpira. Cha tano ni wagonjwa wa nje. Cha sita ni wajawazito. Cha saba ni watoto. Cha kumi na mbili ni waliojifungua. Niliwahi kukaa alasiri moja katika zahanati ya milimani (siitaji, nitamponza mtu) nikimwangalia muuguzi anavyofanya kazi. Mama mmoja mwenye mtoto anaweza kuandikwa sehemu tatu au nne. Kwanza kadi yake, kisha daftari, kisha karatasi ya kuhesabia ambako unapiga vijiti, vinne na cha tano kinakatiza, kisha kitabu cha dawa. Nikamuuliza dada yule, unatibu saa ngapi? Akacheka tu, akaendelea kuandika.

Mwisho wa kipindi vijiti vinajumlishwa na fomu ya muhtasari inateremka Same kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Inateremkaje? Kwa mtu. Mtu ana safari ya mjini kufuata mshahara au chanjo, anaibeba. Mvua za masika zikikata barabara, takwimu nazo zinakaa mlimani zikisubiri tope likauke. Same wanajumlisha za zahanati zote, zinakwenda Moshi mkoani, kutoka Moshi zinakwenda wizarani. Kila hatua kuna kujumlisha, na kila kujumlisha kuna kukosea. Tuseme zahanati imeandika 17, karani akasoma 11 kwa sababu saba haikukatwa katikati. Kutoka hapo nakala mbili zimeachana na hakuna anayejua. Mlimani ni 17, taifa ni 11. Dawa zikiagizwa kwa kufuata ile ya taifa, kuna watu sita hawapo.

Waliobuni MTUHA hawakuwa wajinga. Walitaka zahanati yenyewe izitumie takwimu zake, ichore grafu, iibandike ukutani, iamue mambo yake. Ukipita zahanati nyingine utaona grafu hizo, zimechorwa kwa rula na kalamu ya rangi, nyingine nzuri kweli. Lakini uliza kutoka Same kumewahi kurudi nini. Mara nyingi kilichorudi ni simu: fomu yenu haijafika. Hiyo si kuoanisha. Ni kukusanya ushuru kwa jina jingine, na ushuru wenyewe ni namba.

Wakati huohuo, kusini mwa bara, kulikuwa na watu wanaolichemsha bongo tatizo hilihili. Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994 ilijikuta na vipande vya idara za afya vilivyoachwa na ubaguzi wa rangi, kila kimoja na fomu zake. Watafiti wa huko, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, wakatengeneza programu inayoitwa DHIS. Zile za mwanzo zilikaa ndani ya kompyuta ya wilaya, ikiwa na kanzidata yake yenyewe. Ili mkoa uzipate takwimu, wilaya ilitoa faili, ikaliweka kwenye disketi, disketi ikapanda gari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi hiyo, na Zanzibar ilianza kutumia programu hiyo mapema kuliko bara.

Disketi ilikuwa na vituko vyake. Wilaya imetuma faili Jumatatu. Jumatano wamegundua kosa, wamelirekebisha kwao na kutuma faili jipya. Mkoani nako mtu alishalirekebisha kosa lilelile kwa namna yake. Faili la pili likifika, lifute alichofanya mtu wa mkoa au liachwe? Kanuni rahisi ni kusema aliyeandika mwisho ndiye mkweli. Kanuni nyingine inasema mkubwa ndiye mkweli. Ya kwanza inamtukuza mwenye haraka, ya pili inamtukuza mwenye cheo, na zote mbili hazimuulizi aliyemwona mgonjwa.

Na hili la "mwisho" nalo si jepesi. Mwisho kwa saa ya nani? Mwanasayansi Leslie Lamport aliandika makala maarufu mwaka 1978 akionyesha kwamba mashine zilizo mbalimbali haziwezi kutegemea saa zao kujua kipi kilitangulia kipi, bali zifuate mpangilio wa nani alimpa nani habari. Sisi huku hatuhitaji hata mashine kuchanganyikiwa. Mtoto amezaliwa saa nne usiku. Daftari moja litaandika saa 4, jingine 22, jingine saa 10 kwa mtu aliyetafsiri kichwani. Sasa ukisema "usiku wa Alhamisi" mzee mmoja anaelewa usiku unaofuata Alhamisi mchana, na mwingine, hasa wa pwani, anaelewa uliotangulia. Ndiyo maana sisi waandishi wa habari tunafundishwa kuandika "usiku wa kuamkia Alhamisi". Watu wanadhani ni madoido ya redioni. Hapana, ni njia yetu ya kuoanisha saa za watu.

Kenya ndiyo iliyokata fundo la disketi. Mwaka 2011, ikianza na majaribio katika mkoa wa Pwani, iliamua kwamba toleo jipya la programu ile, DHIS2, lisifungwe kwenye kompyuta ya kila wilaya. Iwekwe seva moja ya taifa, na wilaya ziingie kwa intaneti ya simu, kwa modemu ile ya kuchomeka pembeni ya kompyuta. Ilikuwa miaka miwili tu tangu nyaya za baharini zianze kufika pwani yetu, na watu walikuwa na wasiwasi kama mtandao utahimili. Ulihimili. Tanzania nayo ikafuata, na kufikia mwisho wa 2013 wilaya za nchi nzima zilikuwa zinaingiza takwimu zao kwa njia hiyo.

Ukiwauliza mafundi watakwambia tatizo la kuoanisha limekwisha, maana nakala sasa ni moja. Hakuna cha kuoanisha. Same na Dodoma wanatazama kitu kilekile, kwa wakati uleule. Nawapa heshima yao, kwa sababu ile kazi ya kujumlisha Same, kujumlisha Moshi, kujumlisha wizarani imekufa na makosa yake yamezikwa nayo.

Lakini nakala hazijawa moja. Mpaka umesogezwa tu. Zamani ulikuwa kati ya wilaya na mkoa, baadaye ukahamia kati ya mlima na Same. Kwa muda mrefu zahanati nyingi ziliendelea kuandika kwenye karatasi na kuteremsha fomu, na mtu wa takwimu wa wilaya ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta akaingiza namba za kila kituo. Hata pale muuguzi anapoingiza mwenyewe, anaingiza jumla kutoka kwenye daftari la karatasi. Ile 17 inayosomwa 11 bado ina mahali pa kutokea. Tofauti ni kwamba sasa 11 inaonekana taifa zima siku hiyohiyo, ikiwa na grafu ya rangi.

Msidhani mambo haya ni ya afya peke yake. Mnakumbuka watumishi hewa? Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza uhakiki wa watumishi wa umma, na ndani ya miezi michache majina zaidi ya 10,000 yakaondolewa kwenye orodha ya mishahara. Magazeti yetu (na mimi nimo) tuliandika kama habari ya wizi, na wizi kweli ulikuwepo. Ila jiulize mtumishi hewa anazaliwaje. Mwalimu anafariki kijijini. Kijiji kizima kinajua, kimemzika. Mwalimu mkuu anajua. Daftari la mahudhurio la shule linajua. Orodha ya mishahara haijui. Habari ya kifo inatakiwa isafiri ofisi kwa ofisi, na kila meza kuna anayeweza kuichelewesha, kwa uzembe au kwa faida yake. Pengo kati ya daftari la shule na orodha ya makao makuu ndilo nyumba ya mtumishi hewa. Mwizi alikuja baadaye, akakuta nyumba iko wazi.

Sasa msije mkasema nalalamika tu. Kuna mfano wa nchi hiihii ambao ninaupenda. Kati ya 2009 na 2010 Wizara ya Afya na washirika wake walifanya jaribio lililoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo 129. Kila wiki mhudumu wa kituo alipata ujumbe wa simu ukimuuliza amebakiwa na dawa ngapi za malaria. Anahesabu rafu, anajibu kwa simu yake mwenyewe, anazawadiwa muda wa maongezi. Ndiyo tu. Hakuna kompyuta kituoni, hakuna fomu ya kurasa kumi. Mkubwa wa wilaya anaona kwenye tovuti nani kaishiwa na nani ana ziada. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 wakawa asilimia 26.

Siri yake wengine wanasema ni simu. Mimi nasema ni mzunguko. Namba ilipanda, dawa ikashuka. Mhudumu alijua kwamba akiandika sifuri leo, kuna uwezekano pikipiki ije na boksi kutoka kituo cha jirani. Mtu wa namna hiyo hahitaji kukumbushwa kuandika ukweli, na akikosea atapiga simu mwenyewe kurekebisha, maana kosa litamuumiza yeye. Linganisha na muuguzi wa mlimani ambaye kwa miaka amejaza fomu kwa ajili ya mtu asiyemfahamu. Huyo mwezi ukiwa na kazi nyingi anaweza kunakili namba za mwezi uliopita, na nani atajua? Mimi simlaumu. Ningefanya hivyohivyo.

Kuna kitu kimoja kidogo ndani ya DHIS2 ambacho ningependa mkitazame, maana kwangu ndicho chenye historia yote hii ndani yake. Mfumo unaweza kuwekewa tarehe ya kufunga. Ikishapita siku hiyo, namba za mwezi uliopita zinafungwa na mtu wa chini hawezi tena kuzigusa. Ni busara, usije ukakuta mtu anabadilisha takwimu za mwaka juzi ili aonekane kafanya kazi. Basi tuseme ni Mei. Muuguzi wa Chome anafungua daftari lake la kumi na mbili kutafuta jina la mama mmoja, anagundua kwamba Machi waliandika kuzaliwa kwa mtoto mmoja mara mbili. Daftari lake analirekebisha hapohapo, anakata mstari, anaweka sahihi. La karatasi ni sahihi sasa. La seva limefungwa. Ili lifunguliwe lazima aombe Same, na Same huenda nao wakaomba juu yao, kwa ajili ya mtoto mmoja wa Machi.

Nauli ya kushuka anaijua. Foleni ya pale ofisini anaijua. Na wagonjwa wamekaa nje kwenye benchi wanamsubiri.